Mtoto Ashike Kwanza, Ubao Baadaye

Walimu wengi hapa Uganda tunakubali kwamba mtoto hujifunza vizuri kwa vitendo. Shida ni kwamba vitendo vyenyewe tunavileta mwisho. Katika darasa la 6 mwalimu hujaza ubao, watoto wakanakili, na dakika zikibaki anasimama mbele na kuonyesha kitu kimoja huku watoto themanini wakitazama. Huko ni kutazama vitendo vya mwalimu. Ninachotetea ni kinyume chake: mtoto ashike kwanza, apime, akosee, abishane na mwenzake, ndipo maelezo yaandikwe.

Nafundisha hisabati hapa Busia, mpakani na Kenya. Chukua somo la duara. Kitabu humwambia mtoto kwamba mzingo ni kipenyo mara 22/7, naye anakariri bila kujua hiyo 22/7 imetoka wapi. Sasa wagawe watoto katika makundi, kila kundi na uzi, rula na kitu cha mviringo: kifuniko cha ndoo, sahani, sufuria ya jikoni shuleni. Wazungushe uzi, waupime, kisha wagawe kwa kipenyo. Kundi la sahani litapata 3 na kidogo, la sufuria 3 na kidogo, na lile lililopata 5 litaambiwa na wenzao lirudie kupima. Halafu watoke nje na baiskeli. Huu ni mji wa baiskeli. Bodaboda zilianzia hapa, zikivusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Tia alama ya choki kwenye tairi, sukuma polepole mpaka alama irudi chini, pima ardhini. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 70 litakuwa limekwenda kama sentimita 220. Ukirudi ubaoni kuandika 22/7 sasa, unaandika jambo ambalo tayari wanalo mikononi.

Kivuli nacho hakigharimu kitu. Simika kijiti uwanjani, watoto watie alama kila robo saa kuanzia saa tano na nusu. Wote watatarajia kivuli kiwe kifupi kabisa saa sita kamili. Hakitakuwa. Hapa Busia huwa kifupi zaidi karibu saa saba kasoro robo, kwa sababu saa zetu za Afrika Mashariki zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko magharibi zaidi, karibu na 34, ambako jua hufika baadaye. Na kwa kuwa tuko jirani kabisa na ikweta, kivuli cha adhuhuri mwezi Juni huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini. Mtoto aliyeyaona hayo kwa macho yake huhitaji maneno machache sana kuelewa longitudo.

Kuna faida nyingine ambayo wakubwa hawaizungumzii. Kuanzia darasa la 4 tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto asiyekijua vizuri hunyamaza tu. Akiwa na uzi mkononi hanyamazi. Kwenye kundi watoto hubishana kwa Kiswahili, Kisamia, Kiteso, Kiganda, na wakishaelewana, neno la Kiingereza linapata mahali pa kukaa.

Najua jibu nitakalopewa: PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Masomo manne, alama bora ya kila somo ni 1, hivyo jumla bora ni 4, na matokeo yakitoka wazazi hutafuta daraja la kwanza magazetini na redioni. Basi kuanzia darasa la 6 ni moki juu ya moki, yaani mitihani ya majaribio, na mwalimu anayetoa watoto nje anaambiwa anapoteza muda. Kweli, somo la duara kwa njia hii hula vipindi viwili badala ya kimoja. Lakini wale waliokariri tunawafundisha upya darasa la 7, kisha tena kabla ya mtihani. Muda huo nao mbona hauhesabiwi?

Tazama pia tulivyopanga elimu yetu. Darasa la 1 hadi la 3 wana mtaala wa mada, unaounganisha masomo chini ya mada moja, tangu 2007, wenye michezo na vitu vya kushika. Sekondari ya chini ilipata mtaala wa umahiri, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini, mwaka 2020, nao unadai miradi. Katikati tumeweka miaka minne ya kunakili, halafu tunashangaa mtoto wa kidato cha kwanza anapoogopa kuanza mradi.

Tusije tukavitwisha vitendo hivi kwa wazazi. Tangu Kenya ianze mtaala wake wa umahiri mwaka 2017, tumesikia jinsi jirani zetu ng'ambo wanavyolalamikia vifaa vya kununua kila mara. Mzazi aliyemleta mtoto shule ya UPE, mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila ada, asiagizwe karatasi za manila na gundi. Vifuniko vya soda, maboksi matupu ya dukani, mchanga, mkaa na chupa za maji vinatosha kwa sehemu kubwa ya sayansi na hisabati ya madarasa haya.

Ombi langu kwa wakaguzi wa wilaya ni dogo. Wakiingia darasani, wasianzie kwenye madaftari kuhesabu kurasa zilizojaa. Wawaulize watoto juma hili wamepima nini, kisha waombe kuoneshwa walichopimia.