Ukifunga Hela Hamna, Ukifungua Aibu Tele

Naona ile rekodi ya sauti ya yule jamaa, anayosimulia kikao chetu cha harusi eti mimi mweka hazina nililia, nikakimbia na kuzimia baada ya michango kuliwa, imeshazunguka magrupu yote, hadi shangazi yangu kanitumia na vicheko vya machozi. Sawa. Ila ametia chumvi. Sikulia, sikukimbia, wala sikuzimia. Nilikaa chini kwa hiari yangu baada ya miguu kugoma. Na hakuna shilingi iliyoliwa! Michango ya harusi ilikuwa benki muda wote, imetulia. Iliyopotea ni ile iliyoonyeshwa ukutani kwa projekta. Nisikilizeni mimi kwanza, kisha mcheke kwa haki.

Mnaonijua mnajua kwamba kamati ikinikabidhi daftari, kesho yake limekuwa faili la Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Wachangiaji ni wengi, na hakuna mjumbe atakayevumilia mtu akishusha jina moja moja ukutani huku nyama inanukia jikoni. Kwa hiyo nikawagawa: ukoo wa baba, ukoo wa mama, kazini, mtaani, waliosoma na bwana harusi. Kila kundi na mstari wake wa jumla kwa chini, na Jumla Kuu mwisho kabisa.

Kukunja makundi, yaani kuficha majina ya kundi ibaki jumla yake tu, nilikunja vizuri, hilo naomba liingie kwenye kumbukumbu. Unaburuta kwenye namba za mistari, zile za pembeni kushoto, kuanzia mtu wa kwanza wa kundi hadi wa mwisho. Mstari wa jumla unauacha nje. Kisha unabonyeza Shift na Alt pamoja na mshale wa kulia. Ukiburuta seli badala ya namba, Excel itakuuliza kwanza kama unataka mistari au safu. Na ule mstari wa jumla ukiuingiza ndani, makundi mawili ya jirani yanakosa kitu cha kuyatenga, yanaungana kuwa moja, na ukoo wa mama unajikuta ukoo mmoja na watu wa kazini. Ukishamaliza makundi yote, unachagua tena kuanzia mtu wa kwanza kabisa hadi jumla ya kundi la mwisho, Jumla Kuu ikibaki nje peke yake, unabonyeza vilevile. Hapo ndipo kwenye kona ya juu kushoto zinatokea namba 1, 2 na 3. Ukibofya 3 unaona kila mtu, 2 inabakiza jumla za makundi, 1 inabakiza Jumla Kuu tu. Excel inaruhusu hadi ngazi 8, lakini kamati ya harusi inayofika ngazi ya nane haihitaji mweka hazina, inahitaji wazee.

Sasa fomula. Wataalamu mnaonifuata naona mmeshaanza kushika vichwa. Kila jumla niliiandika hivi: =SUBTOTAL(109,D5:D34). SUM, ile fomula ya kawaida ya kujumlisha, sikuitaka, kwa sababu SUBTOTAL ya Jumla Kuu inaziruka SUBTOTAL nyingine zilizo ndani ya eneo lake, kwa hiyo hela haihesabiwi mara mbili. Hiyo sababu ni ya kitaalamu. Sababu ya kuchagua 109 badala ya 9 ni kwamba 109 ilionekana ina cheo zaidi. Sina sababu nyingine.

Halafu kulikuwa na safu ya G. Maoni. Hiyo ilikuwa yangu binafsi, ya kufuatilia madeni. "Apigiwe baada ya tarehe 25." "Asipigiwe asubuhi." "Katoa elfu hamsini, anataka kadi ya watu wawili." Mambo ya kawaida ya mweka hazina. Sikuwa na wasiwasi nayo, maana nilipanga kuonyesha ngazi ya pili tu, na kwenye mistari ya jumla safu ya G ni tupu.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Mwenyekiti, ambaye ni baba mkubwa wa bwana harusi. Projekta ya kuazima, ukuta wa sebule. Mimi nimevaa shati jeupe. Shati hilo mlikumbuke.

Nilibofya 2 wakati projekta bado inapasha taa, macho yangu yakiwa kwenye waya. Picha ilipotokea nilikuwa nimeshaupa ukuta mgongo, nimewageukia wajumbe, mikono nimeitandaza. Nikasema, "Waheshimiwa, sitawachosha. Kama mnavyojionea wenyewe, hali yetu ya fedha ni nzuri sana."

Kimya.

Nikageuka. Ukoo wa baba: 0. Ukoo wa mama: 0. Kazini: 0. Mtaani: 0. Waliosoma pamoja: 0. Jumla Kuu, kwa maandishi manene ya kijani niliyoyachagua mimi mwenyewe baada ya kujaribu bluu: 0.

"Mweka hazina," Mwenyekiti akasema polepole, "hela ziko wapi?"

"Zimefungwa, Mheshimiwa."

Nilimaanisha mistari.

"Zimefungwa na nani?"

Tuliosoma mambo haya tukiwa tumechelewa tunajua: 109 inaacha kuhesabu mstari wowote uliofichwa kwa mkono, na kundi lililokunjwa ni mistari iliyofichwa. Nyumbani nilifanya kazi kila kitu kikiwa wazi, na hesabu ilikubali hadi senti. Pale sebuleni nilijua jambo moja tu, kwamba nikibofya 3 hela zitarudi. Nikabofya. Zikarudi zote, 14,350,000. Watu wakashusha pumzi, mmoja akapiga makofi.

Na upande wa kulia wa hela ikatokea safu ya G, niliyoipanua kwa mkono wangu ili maneno yasikatike.

Mstari wa 5 ni wa Mwenyekiti. Nilimweka wa kwanza kwa heshima. Ahadi 1,000,000. Alicholipa 0. Maoni: "Mkali kwa wenzake, yeye mwenyewe bado."

Bibi hakuja na miwani. Akamwambia mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano, amsomee. Mtoto akasoma kwa sauti, kwa kuzingatia vituo. Alipofika kwenye mkato, akatua.

Nikabofya 2. "Hela!" wakapiga kelele. Nikabofya 3. Kimya, na mtoto anasoma. Nikabofya 2. "Hela!" Jamani, mimi nifanyeje? Nikaona bora niufiche ule mstari wa 5 peke yake, kwa Ctrl na 9. Kidole kilikuwa kinatetemeka, kikatua kwenye 8, na ilikuwa zamu ya wazi. Ctrl na 8 inaondoa alama zote za makundi: namba 1, 2, 3, vijumlisha, vitoa, vyote vikaondoka mbele ya macho yangu. Makundi yenyewe hayajaguswa, na ukibonyeza Ctrl na 8 mara ya pili alama zinarudi. Hilo nililikumbuka nikiwa kwenye bodaboda.

Ndipo nikasimama mbele ya projekta.

Mtoto akasema, "Bibi, imehamia kwenye shati la anko."

"Endelea, mjukuu wangu."

"Asi-pi-giwe... anko usitingishike... asubuhi."

Yule jamaa wa rekodi alikuwa amekaa kando ya soketi. Kuchomoa waya angenyoosha mkono tu. Mkono ulikuwa umeshika simu.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Mwenyekiti alituma milioni yake kwa simu palepale, akataka aone namba ikibadilika ukutani, ikabadilika. Wengine watatu wakafuata kabla mtoto hajafika mistari yao. Nyama ikaliwa.

Faili nimelitengeneza. Nilibonyeza Ctrl na H, nikatafuta SUBTOTAL(109, nikabadilisha kuwa SUBTOTAL(9, yote kwa pamoja. 9 inahesabu hata mistari iliyokunjwa, kwa hiyo sasa hata nikibofya 1, Jumla Kuu haitikisiki. Msisahau tu kwamba 9 nayo haihesabu mistari iliyoondolewa na kichujio (filter). Safu ya G imehamia faili lake lenyewe, kwa sababu kukunja hakulindi siri: ukinakili eneo lililokunjwa na kulibandika kwingine, waliofichwa wanakwenda nawe wote. Ukitaka muhtasari tu, chagua eneo, bonyeza Alt na nukta mkato (;) ili zishikwe seli zinazoonekana peke yake, ndipo unakili.

Mwenyekiti kaniita pembeni jana. Anaomba nimtumie faili la Maoni, lote, ila nianzie mstari wa 6.