Rangi na mapipa ya maua katikati ya mji: mi naunga mkono, ila sio kwa gharama ya machinga

Hili wazo la kuwapa waenda kwa miguu nafasi kwenye mtaa wa mjini kwa vitu vya muda, yaani rangi, koni, mapipa yenye maua, mabenchi ya mbao, nalipenda kwa sababu moja kubwa: ukikosea unaondoa. Zege huondoi. Na mji mdogo hauna hela ya kumwaga zege leo afu kulivunja mwakani.

Mi nimekulia Moshi. Kutoka stendi mpaka Mnara wa Saa ni mwendo mfupi kabisa, lakini mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi anashuka barabarani mara kibao, maana pembeni kuna gari imepaki, mbele kuna meza ya viatu, mbele tena mtaro hauna mfuniko, na bodaboda wanapita hapohapo. Huyo mama hawezi kusubiri mradi mkubwa wa miaka mitano.

Wanaosifia hii kitu wanapenda kutaja New York, na kweli ushahidi upo. Mwezi wa tano 2009 walifunga Broadway pale Times Square wakaweka viti vya kukunja vya bei rahisi tu, watu wakakaa, baadae hesabu ikapigwa ikaonekana waenda kwa miguu wanaoumia wamepungua asilimia 35, na madereva na abiria asilimia 63, ndo 2010 jiji likatangaza inabaki hivyo moja kwa moja. Ila pale watu walikuwa wamejaa tayari wanagombania nafasi, na treni zinapita chini yao. Ukichukua hiyo picha ukaileta Moshi au Iringa kama ilivyo utaumia.

Mfano unaotufaa zaidi ni Kigali. Agosti 2015 walifunga kipande cha barabara ya KN 4 katikati ya jiji, magari marufuku. Wenye biashara wakaanza kulia kwamba wateja wamepungua, na mi nawaelewa kabisa, mteja mwenye gari hana pa kusimama, na wa miguu hana sababu ya kubaki pale, akae wapi kama hakuna viti vya maana wala kivuli. Ikakaa hivyo miaka na miaka. 2022 ndo ikafunguliwa upya kwa jina la Imbuga City Walk (imbuga kwa Kinyarwanda ni kama uwanja wa mbele ya nyumba), safari hii kuna viti, vibanda, sehemu ya watoto kuchezea, na watu wanakaa. Barabara ni ileile. Kwa hiyo kufunga magari peke yake hakukuleta kitu, kilicholeta watu ni walichowekewa baada ya kufunga, na wale wenye maduka walilipia hiyo miaka ya katikati mifukoni mwao.

Sasa tuje kwenye jambo linaloniumiza kichwa zaidi, machinga, yaani wachuuzi wa barabarani. 2021 miji mingi ya Tanzania iliwatoa barabarani na kuwapeleka maeneo yaliyotengwa, na wengi walirudi, maana biashara ya machinga inaishi pale miguu inapopita. Leo ukipanua njia ya miguu kwa rangi na mapipa, wa kwanza kufika ni yeye, na ana haki ya kufika. Kama mpango ni kumfukuza yeye ili benchi lipate nafasi, mi simo. Lakini pia mwenye fremu analipa kodi na leseni, akizibiwa mlango na meza kumi hana amani, na mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hapiti kabisa. Naona dawa ni rangi hiyohiyo itumike kuchora nafasi ya meza, hapa unauzia, hapa panapitwa, na wao wenyewe wawepo siku ya kuchora, sio waletewe.

Kuna ugumu mwingine ambao watu hawauoni. Mitaa mingi ya mjini iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) tangu 2017, machinga na usafi ni manispaa, ruti za daladala ni LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), na magari yanasimamiwa na trafiki. Mtaa mmoja, wenye kauli wanne. Kule Raleigh, Marekani, Januari 2012 kijana mmoja alifunga vibao 27 bila kibali vinavyoonyesha dakika za kutembea mpaka sehemu fulani, vikatolewa, afu baada ya wakazi kuvipenda jiji likavirudisha kwa majaribio. Huku kwetu sishauri mtu ajaribu bila barua, maana watakaosumbuliwa ni vijana waliobeba ndoo za rangi.

Na tusisahau wasioona. Pipa linalohamahama kila wiki ni hatari kwa mtu mwenye fimbo nyeupe kuliko hata gari iliyopaki sehemu moja siku zote.

Ningekuwa na uwezo ningeanza na kipande kifupi tu, Juni mpaka Agosti masika ikiwa imeisha, watu wahesabiwe kabla na wakati wa majaribio, mauzo ya maduka na ya meza yaulizwe yote, tarehe ya mwisho iandikwe kwenye kibao pale mtaani kila mtu aione, na atakayepaka rangi ikifutika awe anajulikana kwa jina tangu siku ya kwanza.