Macdonald na nusu mbili za faili lake

Agosti 2020 waandamanaji mjini Montreal waliiangusha sanamu ya John A. Macdonald, waziri mkuu wa kwanza wa Kanada, na kichwa chake kikang'oka. Mwaka uliofuata Kingston, mji alikoanzia uwakili, nao ukaiondoa ya kwake. Wengine wanamwita mwasisi, wengine wanamwita katili. Naona kila kambi imesoma nusu ya faili.

Nusu ya kwanza si ya kubezwa. Mwaka 1864 bunge la koloni lake lilikuwa limekwama kwa mivutano ya Waingereza na Wafaransa, na jirani, Marekani, alikuwa vitani. Macdonald akaunda serikali pamoja na hasimu wake wa miaka mingi, George Brown, na George-Étienne Cartier, wakili mwenzake kutoka upande wa Wafaransa. Mkutano wa Quebec ukatoa maazimio 72, na Julai 1, 1867 makoloni matatu yakawa nchi moja yenye majimbo manne. Nova Scotia ilinuna: wapinga muungano walizoa viti 18 kati ya 19 vya jimbo hilo. Macdonald aliwaongezea ruzuku, kisha akampa kinara wao, Joseph Howe, uwaziri. Ukiita hongo hukosei sana, ila hakuna aliyekufa.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza. Katika kampeni za 1872 alimpelekea telegramu wakili wa Hugh Allan, tajiri aliyekuwa akiwania tenda ya reli ya Pasifiki: anataka dola elfu kumi nyingine, ni mara ya mwisho kuomba, asimwangushe, ajibu leo. Ikavuja, na 1873 akabwaga manyanga. Baada ya miaka mitano wapiga kura wakamrudisha, akabaki madarakani hadi kifo chake 1891.

Kashfa hiyo ni ndogo ukilinganisha na yaliyotokea magharibi. Nyati walipoisha, wenyeji wa nyanda wakakumbwa na njaa, na idara iliyowahusu aliishika mwenyewe. Mwaka 1882 aliliambia Bunge kwamba maofisa wake wanazuia chakula mpaka watu wakaribie kufa njaa, ili kubana matumizi. Chini yake zikaja shule za bweni za kuwatenga watoto na wazazi wao, na mwaka 1885 kodi ya dola 50 kwa karibu kila Mchina aliyeingia nchini, ilhali Wachina kwa maelfu walikuwa wameijenga reli yake.

Watetezi wake husema alikuwa mtu wa zama zake. Wana hoja: wapinzani bungeni walimlaumu kwamba chakula walichopewa wenyeji hao kinagharimu mno, na mwaka 1885 yeye ndiye aliyependekeza baadhi ya wanawake wasioolewa wapige kura, jambo ambalo Bunge lilikataa.

Lakini tazama Wametisi, jamii ya magharibi yenye asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu. Mwaka 1869 waliishika ngome ya Mto Red, na jeshi lisingeweza kufika upesi. Macdonald akajadiliana na wajumbe wao, na 1870 likazaliwa jimbo la Manitoba; askari walifuata baadaye. Desemba 1884 Wametisi wa Saskatchewan walituma ombi la haki zao za ardhi. Safari hii reli ilikuwa karibu kukamilika. Aliahidi tume, akachelewa, na uasi ulipozuka askari wakafika ndani ya wiki chache. Kiongozi wao, Louis Riel, alinyongwa Novemba 16, 1885, siku tisa baada ya msumari wa mwisho wa reli kupigwa.