Alijitahidi Siku Zote

Kijana mmoja wa Tanga aliniletea barua ya mwajiri wake wa zamani niitafsiri kwa Kiingereza. Alikuwa amefanya kazi ghalani hapa Ujerumani, sasa anaomba kazi Ireland. Karatasi nzito, nembo juu, saini ya wino wa buluu chini. "Dada, tuliachana vibaya na hawa jamaa, lakini kumbe walinikubali," akasema, kidole kikiwa juu ya maneno *hat sich stets bemüht*. Amejitahidi siku zote.

Nikamwekea chai kwanza.

Kwa Mjerumani anayeajiri watu, mtu aliyejitahidi siku zote ni mtu aliyehangaika na kazi isionekane. Ukiigeuza kuwa alama za shule, ambapo 1 ndiyo bora na 6 ndiyo ya mwisho, hiyo ni 5. Kijana wa watu alikuwa ameibeba barua hiyo miezi kadhaa akidhani ni sifa.

Kila mfanyakazi anayeondoka kazini Ujerumani ana haki ya kupewa barua hii, *Arbeitszeugnis*, na haki hiyo imeandikwa kwenye kifungu cha 109 cha sheria inayoitwa Gewerbeordnung. Mahakama zikaongeza masharti mawili: barua iwe ya kweli, na iwe ya hisani, isimzibie mtu riziki mbele ya safari. Sasa andika ukweli kuhusu mfanyakazi mvivu bila kumzibia riziki, tuone. Ndipo waajiri walipoanza kusema kwa mafumbo. Amefanya kazi *stets zu unserer vollsten Zufriedenheit*, siku zote kwa kuridhika kwetu kulikojaa kabisa, huyo ni wa 1. Ondoa herufi mbili tu, *vollsten* iwe *vollen*, kulikojaa tu, ameshuka hadi 2. Ondoa na *stets*, yaani "siku zote", ni wa 3. Ikibaki "kwa kuridhika kwetu" peke yake, ni 4. Walimu wa lugha hulalamika kwamba *vollsten* haina mantiki, kwa sababu ndoo iliyojaa imejaa, haiwezi kuzidi kujaa. Hakuna anayewasikiliza. Mwaka 2014 mama mmoja wa mapokezi kwenye kliniki ya meno alifika hadi Mahakama ya Kazi ya Shirikisho akidai aandikiwe *stets*. Mahakama ikasema alama ya kawaida ni 3, anayetaka zaidi athibitishe mwenyewe.

Kinachonichekesha ni kwamba kifungu hicho hicho cha 109 kinakataza maneno yenye maana iliyofichwa. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Hapa fumbo limepigwa marufuku na linaendelea kufumbwa kila siku ya kazi. Halafu watu wanasema Wajerumani hawajui kuzunguka maneno!

Lakini sentensi inayonikosesha usingizi ni ile ya mwisho, inayoeleza mtu aliondokaje. *Auf eigenen Wunsch*, kwa hiari yake: huyo kaacha mwenyewe. *Im gegenseitigen Einvernehmen*, kwa makubaliano ya pande zote: mara nyingi huyo ameonyeshwa mlango na akakubali kutia saini. Na kama tarehe ya mwisho ni siku ya ajabu, tuseme 17 Mei, msomaji mzoefu hukunja uso. Taarifa ya kawaida ya kuachana humalizikia tarehe 15 au mwisho wa mwezi, isipokuwa wakati wa majaribio. Tarehe ya katikati hunusa kufukuzwa papo hapo. Barua ya kijana wangu ilikuwa na makubaliano na tarehe ya ajabu, vyote viwili. Shukrani wala masikitiko mwishoni hakuna, na hata hayo huwezi kuyadai: mwaka 2012 mahakama hiyo hiyo ilimkatalia meneja wa duka la vifaa vya ujenzi.

Kisha kuna *kündigen*. Kitenzi hiki kimoja kinatumika kwa anayeacha kazi na kwa anayemwachisha mwenzake. "Kündigung ilikuja mwezi Machi." Ya nani? Kiingereza kinakulazimisha uchague: "resigned" au "dismissed". Hapo Kiswahili hunisaidia kufikiri, maana sisi tuna kuacha na kuachishwa, na viambishi havikuruhusu kujificha. Mtaani tumeenda mbali zaidi: Nairobi mtu amepigwa kalamu, Dar kibarua kimeota nyasi, na hakuna anayeuliza mara mbili. Ila tusijisifu sana. Nasi tuna "uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine", na kila msikiliza redio Tanzania anajua kazi hiyo nyingine inaweza kusubiriwa mpaka mvi.

Nina wenzangu kwenye fani wanaoitafsiri *bemüht* kwa Kiingereza cha asali, "a dedicated worker", wakisema wanamsaidia mteja. Huko ni kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Wengine wanafumbua kila kitu na kuandika kwamba utendaji ulikuwa duni. Hilo nalo silikubali, kwa sababu mwajiri hakuliandika, na angeliandika hivyo angepelekwa mahakamani. Ninavyoona mimi, mfasiri anahamisha pazia likiwa na unene ule ule. Mjerumani akificha aliyefungua mlango, nami nifiche: "by mutual agreement", basi. Akisema, niseme. Na pale *kündigen* inaponiacha njia panda, nampigia mteja simu kabla sijagusa kibodi, hata kama swali lenyewe linamtia aibu.

Kufumbua nako kuna mahali pake, na mahali pake ni mezani, mdomoni, kabla ya kuanza kazi. Wanaostahili kuelezwa ni wengi, na wanaongezeka tangu Kenya na Ujerumani ziliposaini makubaliano ya ajira na uhamaji mjini Berlin Septemba 2024. Hawa wanafundishwa Kijerumani cha kununua mkate na cha kupima presha ya mgonjwa. Cha kuondoka kazini wanajifunzia mlangoni.

Kijana alimaliza chai bila kusema. Kisha akauliza kama inawezekana kuirudisha. Nikamwambia kuna aina ya pili ya barua, fupi, inayotaja tarehe na aina ya kazi tu bila kumpima mtu. Na kwa kuwa waajiri wengi wa huko anakokwenda hawatoi zaidi ya hayo, haitamshangaza mtu. Aliiomba kwa barua pepe ya mistari mitatu tuliyoiandika pamoja, wakamtumia baada ya wiki mbili. Sentensi nne. Niliitafsiri kwa dakika kumi, nikamtoza nusu bei, naye akaniachia ile ndefu. Nimeiweka kwenye droo pamoja na nyingine za aina yake.