Toeni vyungu vya maua kwenye maonyesho ya sanamu

Ukumbi wa sanaa ukiamua kuonyesha sanamu za wanyama, ndege na mimea kwa sura ya bustani, kitu cha kwanza kununuliwa huwa ni mimea. Vyungu vinaletwa kwa pikipiki, nyasi za plastiki zinatandazwa sakafuni, kisha vinyago vinapachikwa katikati ya majani. Mtu akiingia anaona duka la maua lenye sanamu ndani. Msimamo wangu ni huu: anayetaka bustani ndani ya kuta nne aanze na njia. Aamue mguu utapita wapi na jicho litazuiwa wapi. Majani yaje mwisho, yawe machache, na mara nyingi yasije kabisa.

Kiswahili kinasema ua huu kwa kiwanja kilichozungushiwa wigo, na ua hili kwa lile linalochanua. Ngeli ni mbili, matamshi ni mamoja. Wapangaji wengi wa maonyesho wanashika ua hili na kusahau ua huu. Lakini wajenzi wa nyumba za kale za Lamu walishalimaliza jambo hili kwa mawe na chokaa: mgeni hupokelewa dakani (baraza la mlangoni), hupinda kwenye tekani (kipito cha ndani), ndipo kiwanda, yaani ua wa ndani, kinamfungukia chenye anga juu yake. Kutoka mlangoni haoni ndani. Pindo hilo moja linamfanya mtu apunguze mwendo na kunyamaza kidogo, na bustani ya sanamu inahitaji hilo kuliko inavyohitaji mchikichi wa chunguni.

Mfano ambao wengi huuiga vibaya ni bustani ya mchongaji Barbara Hepworth mjini St Ives, Uingereza. Hepworth alinunua karakana ya Trewyn mwaka 1949 na akabaki hapo hadi kifo chake mwaka 1975. Bustani aliipanga akisaidiana na rafiki yake Priaulx Rainier, mtunzi wa muziki aliyezaliwa Afrika Kusini. Mwaka 1976 ilifunguliwa kuwa makumbusho, na tangu 1980 iko chini ya uangalizi wa Tate, taasisi ya makumbusho ya sanaa ya Uingereza. Sanamu nyingi za shaba bado ziko pale alipoziweka kwa uamuzi wake mwenyewe. Eneo si kubwa hata kidogo, lakini vijia vinapinda, kichaka kinaficha sanamu moja mpaka umeikaribia, na matundu aliyotoboa ndani ya sanamu yanakuonyesha jani au kipande cha mbingu upande wa pili. Ile ya mwaka 1966, Four-Square (Walk Through), unapita katikati yake. Pale mimea ina kazi ya pazia, na inaweza kuifanya kwa sababu ina udongo wa kweli, mvua ya kweli, na majirani wa shaba wasioogopa maji. Ukiihamishia ukumbini, masharti yote matatu yameondoka.

Chukua mwanga kwanza. Mmea wa ndani unaotakiwa kuendelea kukua unahitaji laksi (kipimo cha mwanga) 1,000 au zaidi kwa saa nyingi za mchana. Makumbusho huweka mti uliochongwa chini ya laksi 200, kwa sababu mwanga mkali hupausha rangi ya kiini na kupasha joto upande mmoja wa sanamu. Jiwe na shaba havijali. Kwa hiyo ukichanganya mpingo na mimea hai, lazima mmoja ateseke, na kwa kawaida mmea hunyauka wiki ya tatu wakati maonyesho yamebakiza mwezi. Asiyeweza kuachana na kijani achague mimea inayovumilia giza. Sansevieria na Zamioculcas zote ni za asili huku kwetu Afrika, ingawa Ulaya zinauzwa kama mapambo ya ofisi. Anunue seti mbili: moja ndani, moja nje kivulini, zibadilishane kila baada ya siku saba.

Unyevu ndio unaopasua. Mti husinyaa zaidi kuzunguka pete zake kuliko kuelekea kwenye moyo, karibu mara mbili, ndiyo maana kinyago kilichobaki na moyo wa gogo katikati hupasuka kwa mstari mrefu kutoka nje kwenda ndani. Mpingo hukauka polepole mno, kwa hiyo kinyago kipya kinaweza kuonekana kikavu juu huku ndani bado kibichi. Ukikitoa kwenye hewa ya pwani na kukiingiza kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, kitalia usiku. Kibaya zaidi ni kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kupanda na kushuka huko kila siku huumiza kuliko hewa ya unyevu mwingi iliyotulia. Acha vinyago ndani ya vifungashio vyao ukumbini siku tatu hadi tano kabla ya kuvifungua, weka kipima unyevu mahali ambapo sanamu itakaa (mlangoni hakikuambii kitu), na ulenge asilimia 50 hadi 60 bila kuruka. Vyungu vinavyomwagiliwa vinavuruga hesabu hiyo mahali padogo: upande wa kinyago unaotazama mmea unakunywa, ule mwingine unakauka.

Udongo wa chungu nao huja na wenyeji wake. Mchwa wanajulikana, lakini bungua, mdudu anayetoboa mti, ndiye wa kuogopwa zaidi kwenye maonyesho, maana anaishi kwenye mti wa pembeni wenye rangi nyeupe, ule ambao wachongaji wa Kimakonde hupenda kuuacha kwa ajili ya nywele au ukingo wa vazi. Ukiona unga laini chini ya sanamu asubuhi, itenge hapo hapo, ifunge kwenye nailoni, na ukague jirani zake. Makuti na matete ndani ya ukumbi ni mlango wa wadudu hao, na wa moto pia.

Sasa njia, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Pindo la kwanza liwe ndani ya mita tatu kutoka mlangoni. Upana usipungue sentimita 120, na kila baada ya mapindo mawili pawe na uwazi wa mita 1.5 ili kiti cha magurudumu kigeuke. Kila sehemu ya kusimama mtu aone sanamu moja kamili na kipande cha nyingine, mgongo au mkono tu, kinachomvuta mbele. Ukumbi wa mita mraba 200 unabeba sanamu 20 hadi 25 kwa mpango huo. Ukizidisha, unarudi dukani. Njia ichorwe kwa chaki sakafuni kabla ya sanamu hata moja kuingia, na watu watatu wa urefu tofauti waitembee, mmoja wao akiwa mtoto.

Kwa kuzuia jicho, sijaona kitu kinachoshinda kitambaa. Marekani ya kawaida (kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi), iliyofuliwa kwanza ili isisinyae ikiwa imeshatundikwa, ishonwe pindo la kupitisha fimbo juu na chini, iwe na urefu wa mita 2.2 na iachane na sakafu kwa sentimita 10. Hewa inapita, kitambaa kinatikisika kidogo mtu anapopita, na huo mtikisiko unafanya kazi ya upepo wa bustani bila jani hata moja. Marekani pia ni mgongo bora wa mpingo. Sanamu nyeusi mbele ya ukuta wa kijani kibichi au wa kahawia inamezwa. Unabaki na umbo la kivuli na kupoteza uchongaji wote wa ndani, jambo ambalo linaua kabisa vinyago vya mtindo wa mawingu, ambavyo uhai wake uko kwenye matundu na mipindo. Jiwe jeupe la Kisii, lile jiwe laini la kuchonga kutoka Kenya, linataka kinyume chake: kaniki nyeusi nyuma yake. Taa ya kulenga ije kutoka ubavuni, kiasi cha nyuzi 30 kutoka wima, isiwe ya mbele. Weka taa za LED, na umbali kati ya taa na kitambaa usipungue nusu mita. Taa za rangi ya kijani zisiletwe kabisa.

Kokoto zinapendwa, na hesabu yake haifanywi. Tabaka la sentimita 5 lina uzito wa karibu kilo 75 kwa mita mraba moja. Mita mraba 60 ni tani nne na nusu, na mtu lazima azibebe zote kwa toroli na kuzitoa tena. Vumbi lake hukaa kwenye nta ya sanamu na kugeuka msasa pindi mtu anapofuta. Zioshwe mara mbili, zikae kwenye vitalu vya pembeni tu vilivyozungushiwa mbao za sentimita 10, juu ya turubai, na njia ibaki sakafu tupu. Udongo mwekundu ni hatari zaidi kwa jiwe la Kisii. Ukipata maji, rangi hupanda kwenye jiwe jeupe na doa la waridi halitoki bila kusugua uso wote upya. Kipande cha mpira cha milimita 5 chini ya jiwe, kilichokatwa kikawa kidogo kuliko kitako chake ili kisionekane, kinamaliza tatizo.

Uzito wa jiwe nao unadanganya macho. Jiwe hili ni laini kiasi kwamba kisu kinalikwaruza, lakini mita moja ya ujazo ni takriban tani 2.7. Nguzo ya sentimita 40 kwa 40 yenye kimo cha sentimita 120, kabla ya kuchongwa, ni zaidi ya kilo 500, na yote inakaa juu ya eneo dogo mno. Sakafu za kumbi za umma ghorofani kwa kawaida zimekusudiwa kilo 400 au 500 kwa mita mraba, na za nyumba au ofisi huwa pungufu ya hapo. Tandaza uzito kwa fremu ya boriti za inchi 4 kwa 4 na plaiwudi ya milimita 18 juu yake, upana wa mita 1.2 kila upande, uiweke karibu na ukuta au juu ya mhimili wa jengo. Kamwe sanamu ya ndege isinyanyuliwe kwa shingo. Wachongaji wa Tabaka, kijiji cha mawe hayo huko Kisii, wanajua ni wapi mshipa wa jiwe umepita. Waulizwe kabla ya mkanda kufungwa.

Kuhusu kimo, mazoea ya kuweka kila kitu kwenye kiweko cha mita moja yanaua bustani. Nyoka akae sakafuni, kiweko cha sentimita 15 kinatosha. Ndege apite kichwa cha mtu. Viweko vyepesi vya ubao vijazwe mifuko ya mchanga chini, kilo 30 hivi, maana nguzo ya ujamaa yenye watu kumi waliopandana ina kichwa kizito na mtoto mmoja anayekimbia anatosha kuiangusha.

Maji ndicho kitu hai pekee ambacho ningekipigania. Msanii wa Kenya Wangechi Mutu aliyaingiza kwenye shaba yenyewe: In Two Canoe, kazi yake ya mwaka 2022 iliyowekwa kwenye bustani ya sanamu ya Storm King, jimbo la New York, ina watu wawili wenye viungo vya mimea walioketi mtumbwini pamoja na maji. Hakuna aliyelazimika kupanda mkoko jirani ili mtazamaji aikumbuke mikoko. Ukumbini, beseni jeusi la mita mraba mbili lenye kina cha sentimita 4 linatosha kurudisha sura ya sanamu juu chini. Maji yakipungua milimita 3 kwa siku, lita 6 zimeingia hewani, kwa hiyo beseni likae upande wa mawe na shaba, mbali na mpingo. Yamwagwe yote na beseni lisuguliwe kila siku ya tano, kabla viluwiluwi vya mbu havijawa mbu.