Skuli za shamba Pemba miaka ya themanini, tuzisifu au tuzisikitikie?

Barazani huku Pemba haipiti wiki hujasikia mtu mzima anasema skuli za zamani ndo zilikuwa skuli, watoto wa sasa hawajui kitu. Mimi nusu nakubali nusu nakataa.

Mzee Karume alitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, na kwa mtoto wa shamba ule ulikuwa ukombozi wa kweli. Watoto wakamiminika skuli. Lakini mfuko wa serikali ulitegemea karafuu, na miaka ya themanini bei ikaporomoka kwa sababu Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa, walishapanda mikarafuu yao wenyewe, na shida ile ikaingia mpaka darasani. Watoto wanakaa sakafuni wanaandikia mapajani, kitabu kipo kimoja tu na anacho mwalimu, basi anakinukuu ubaoni nyie mnanakili, kengele inalia hata maswali hamjayafikia. Mvua ikipiga kwenye bati somo linasimama, hamsikilizani. Na upande wa Mtambile msimu ukiwa mkubwa watoto wako mikarafuuni mchana, usiku wanachambua makonyo, yaani kutenganisha karafuu na vijiti vyake, asubuhi wanasinzia.

Sasa wanaosifu nao wana hoja, tena nzito. Mwalimu alikaa hapohapo kijijini, anamjua baba yako na bibi yako, ukikosa skuli siku mbili jioni yuko ukumbini kwenu anauliza una nini. Mtoto alikuwa na hati nzuri na tebo za kuzidisha anazo kichwani, wallahi hilo halina ubishi.

Ila hawa wanaosifu ndo wale waliovuka. Mtoto wa Kojani aliyefuata baba yake dago, yaani kambi ya wavuvi, akarudi wenzake washamaliza muhula, msichana aliyeozwa kabla hajamaliza skuli, yule aliyechujwa kwenye mtihani akabaki na jembe, hao ukiwauliza watakwambia hadithi nyengine kabisa, tatizo hakuna anaewauliza. Kwa hiyo kusema skuli zilikuwa bora kwa kuwaangalia waliofaulu peke yao mi naona ni kuwadhulumu wenzao.

Cha kurudisha ni kile cha mwalimu kuishi kijijini. Tunajenga skuli za ghorofa na mimi nafurahi, watoto wakae kwenye viti, lakini kama mwalimu anategemea gari ya kutoka mjini Chake Chake kila asubuhi basi na nyumba yake ijengwe palepale, iingie kwenye bajeti ileile ya madarasa.