Shatt al-Arab: mpaka uwe ukingoni au katikati ya mto?

Shatt al-Arab si mto mrefu. Unaanzia al-Qurnah, kusini mwa Iraq, Tigris na Frati zinapokutana, na baada ya kilomita 200 hivi unaingia Ghuba. Sehemu yake ya juu, pamoja na mji wa Basra, iko Iraq tupu. Kinachogombaniwa ni kipande cha chini, kuanzia karibu na Khorramshahr, mahali mto Karun unapoingia kutoka Iran. Wairani wanakiita Arvand Rud.

Swali limekuwa lile lile kwa vizazi: mpaka upite ukingo wa mashariki, mto wote uwe wa Iraq, au ufuate mkondo wenye kina unaopitisha meli, kila nchi ipate upande wake?

Mkataba wa Erzurum wa 1847 uliipa Uajemi, yaani Iran, Khorramshahr, kisiwa cha Abadan na ukingo wa mashariki, pamoja na haki ya meli zake kupita. Maji yalibaki kwa Waothmani, waliotawala Iraq wakati huo. Mkataba wa 1937 kati ya Iraq na Iran uliendeleza mpangilio huo, isipokuwa mbele ya Khorramshahr na Abadan, ambako mpaka uliwekwa kwenye mkondo mkuu. Kwingineko, mwanakijiji wa Iran aliyeingia majini hatua chache alikuwa tayari ameingia Iraq, na meli zilizokwenda bandari za Iran zililipa ada kwa mamlaka ya Iraq.

Hoja ya Iraq ina uzito, na wanaoipuuza hawajaitazama ramani. Pwani yake yote haifiki kilomita 60, na bandari ya Umm Qasr iko kwenye mlango mwembamba unaopakana na Kuwait. Iran ina pwani ndefu kuanzia Ghuba hadi Bahari ya Oman. Kwa Basra, mto huu ndio njia ya kwenda baharini, na nchi iliyobanwa hivyo ina sababu ya kuogopa jirani mwenye nguvu akae katikati ya njia hiyo.

Hata hivyo, kuhitaji njia si sawa na kuhitaji kuimiliki yote. Iran nayo ilikuwa na bandari Khorramshahr na kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta Abadan, na kuweka mpaka kwenye mkondo mkuu ni kanuni inayotumika kwenye mito mingi inayopitika kwa meli. Iran ilidai pia kwamba masharti ya 1937 yalipatikana kwa nguvu ya Uingereza, iliyokuwa bado na sauti kubwa Baghdad. Mimi naona kanuni iko upande wa Iran. Tatizo ni jinsi ilivyoipata.

Aprili 1969 Iran iliutangaza mkataba wa 1937 kuwa batili, ikapitisha meli yake ikilindwa na jeshi. Kisha ikawasaidia Wakurdi wa Iraq, chini ya Mustafa Barzani, kupigana na Baghdad. Machi 1975, mjini Algiers, Saddam Hussein, makamu wa rais wa Iraq wakati huo, na Shah, mfalme wa Iran, walikubaliana: mpaka ufuate mkondo mkuu, na misaada kwa waasi ikome. Uasi ulianguka ndani ya wiki chache, na maelfu ya Wakurdi wakakimbia makwao. Hao ndio waliolipa gharama ya makubaliano ambayo hawakuulizwa kuyahusu. Iraq nayo ilitia saini ikiwa imebanwa, na sahihi ya namna hiyo huacha kinyongo.

Septemba 17, 1980 Saddam aliutangaza mkataba huo kuwa umekufa, na siku tano baadaye majeshi yake yakaivamia Iran. Alidai kwamba Iran haikurudisha maeneo ya nchi kavu iliyopaswa kuyaachia, kama Zain al-Qaws na Saif Saad. Hata kama dai hilo lilikuwa na ukweli, mkataba wenyewe ulikuwa na utaratibu wa mazungumzo na usuluhishi kwa migogoro ya aina hiyo. Hapa sioni pande mbili za kupimwa. Vita vilikuwa na sababu nyingine pia, hofu ya mapinduzi ya Iran ikiwemo, lakini mto ulikuwa kwenye madai ya kwanza. Viliua mamia ya maelfu ya watu, na Agosti 1990, akiwa ameshaivamia Kuwait, Saddam huyo huyo akakubali kurudi kwenye mpaka wa 1975.

Mkataba wa 1975 ulitambua kwamba mto huhama: mpaka unafuata mabadiliko ya asili ya mkondo, na nchi zote mbili zinatakiwa kupima kina pamoja angalau kila miaka kumi. Bila vipimo hivyo, mstari uliochorwa 1975 na mkondo wa leo, uliojaa matope na mabaki ya meli zilizozama vitani, vitaendelea kuachana. Hassan Rouhani, rais wa Iran wakati huo, alipotembelea Baghdad Machi 2019, nchi hizo zilitangaza nia ya kuutekeleza mkataba huo.

Lakini mikataba hiyo yote iliandikwa kwa kufikiria meli, na dhiki kubwa ya leo ni maji yenyewe. Mabwawa ya Uturuki, Syria, Iraq yenyewe na Iran yamepunguza maji matamu, Karun ikiwemo, na chumvi ya Ghuba inapanda mto. Mwaka 2018 zaidi ya watu 100,000 wa Basra walifika hospitali baada ya kuugua kutokana na maji. Chumvi imeharibu mitende katika kingo zote mbili. Ningependa wapima kina watakaporudi mtoni wapime na chumvi, na kiasi cha maji ya Karun kiwe na kifungu chake mezani.